Nimeingia Kapenguria

Fremu niliikuta Gikomba, imelala chini ya makoti,
nyepesi kama kapu tupu, shingo imechubuka.
Muuzaji hakujua ni baiskeli ya mashindano gani.
"Hii ni ya mtu aliyechelewa," akasema,
"angalia ilivyoinama."

Nikaipeleka Kariobangi, kwa Fundi Musyimi,
anayeongea na vyuma kabla ya kusalimu watu.
Hakuuliza nina pesa ngapi.
Aliniambia nivue viatu, nisimame ukutani,
akatoa utepe mfukoni, ule wa mshonaji,
akapima paja, akapima goti, akanyamaza,
akapima tena.

"Mguu wa kushoto ni mfupi."
Najua, fundi. Milimita tisa.
Niliuvunja darasa la tatu, ukaungwa harakaharaka,
na tangu hapo kila sketi yangu hupinda upande,
kila kiatu huzeeka kivyake,
na watu husema natembea kwa maringo.

"Basi tutaidanganya pedali."
Akakata kabari kwenye tairi la lori,
akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama ulimi,
akaipachika chini ya kiatu cha kushoto.
Usukani akaukata, akaunga pembe mbili za mbele
kwa mabomba ya kiti cha hospitali,
akazivika sponji ya ndara nilaze viwiko.
Mara nne nilienda kuichukua,
mara nne akanirudisha: "Bado. Haijakujua."

Kitu kilichokatwa kwa kipimo chako
hukitambui kwa macho.
Unakitambua siku unapokisahau.

Barabarani siitoi bado.
Barabara ya Jogoo haina huruma na aliyeinama:
lori halikuoni,
bodaboda anakuona, kisha anakuchagua.
Kwa hiyo gurudumu la nyuma nimelibana kwenye kinu cha chuma
sebuleni, Umoja, ghorofa ya nne,
kati ya kochi na mtungi wa gesi,
na kila siku saa kumi na nusu alfajiri nasafiri.

Ukutani nimechora njia kwa penseli.
Limuru nilipita na mvua ya dirishani.
Mai Mahiu niliteremka bila upepo:
stima zilipotea, feni ikafa,
nikakanyaga gizani nikisikia jasho
likidondoka kwenye beseni kama saa mbovu.
(Maji ya mfereji huja Alhamisi. Jasho halina zamu.)
Naivasha sikuona kiboko.
Gilgil nilikamatwa na msuli.
Nakuru nilikunywa uji kwa mkono mmoja.

Bi Kwamboka wa ghorofa ya tatu akapanda kugonga,
leso kichwani, yuko tayari kugomba:
"Unasaga nini usiku wote huu, na unga hatuuoni?"
Nikamwonyesha. Akaizunguka,
akagusa mnyororo, akajipaka grisi.
"Na inakwenda wapi?"
Sasa hivi iko Eldama Ravine.
Akacheka mpaka akashika kochi.

Kesho yake akaleta godoro kuukuu la kuweka chini ya kinu.
Na siku nilipolala na homa
akapanda tena, safari hii amekasirika kweli:
mwanawe amechelewa shule,
huamka kwa mngurumo wangu.

Jana, kabla ya adhana, nimeingia Kapenguria.
Kilomita mia nne na kitu.
Hapakuwa na wa kunipokea ila birika.
Nikavua viatu, nikaenda jikoni
kwa miguu yangu isiyosikilizana,
mmoja unatangulia,
mwingine unauliza, tumefika?

Mashindano ni mwezi ujao.
Maji bado nayaogopa.
Mbio nitachechemea, na wapigapicha wataona.
Lakini pale katikati,
baada ya bwawa, kabla ya lami kunidai nyayo,
kwa kilomita arobaini
nitakuwa na miguu ya urefu mmoja.